Nyumba ya Kukupokea

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili, saa saba mchana, kaskazi imelegea na jua limesimama utosini. Mama alishuka basi la Tanga, akachukua bajaji hadi Madale, Dar es Salaam, kwenye nyumba mpya ya mdogo wangu wa kiume. Alikuja na kikapu cha ukindu kilichojaa maembe, na unga wa muhogo alioufunga kwenye kanga. Geti la nyumba ile ni la chuma, jeusi, refu kupita mtu, halina hata tundu la kuchungulia. Akabisha hodi. Akabisha tena, kisha akapiga geti kwa kiganja. Sisi tulikuwa sebuleni, madirisha yamefungwa, kiyoyozi kinavuma, hatukusikia kitu. Simu yake ilikuwa imezimika njiani. Alisimama juani zaidi ya robo saa, mpaka mtoto wa jirani alipomwonyesha kitufe cha kengele kwenye nguzo.

Nilipotoka mbio kumpokea mzigo, alikuwa ameshautua mwenyewe, chini, kwenye vumbi, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuuweka.

"Shikamoo mama. Tusamehe."

"Marahaba mwanangu. Hamna neno."

Lakini nilimwona anapangusa kitako cha kikapu kwa upindo wa kanga yake, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso.

Nyumba ya mdogo wangu ni nzuri. Ni miaka sita ya jasho: kila mshahara uliacha kitu pale, mara tripu ya mchanga, mara mifuko kumi ya saruji, mara bati za upande mmoja. Dari ni la jipsamu, la ngazi mbili, na taa zilizofichwa pembeni humwaga mwanga laini kama wa alfajiri. Sakafu ni vigae vikubwa vinavyong'aa. Jiko liko wazi, limeungana na sebule, na katikati yake pana meza ya jiwe jeusi. Madirisha ni mapana, ya aluminiamu, ya kusukuma pembeni. Wifi yangu alichagua kila kitu mwenyewe, kuanzia rangi ya kijivu ya ukutani mpaka vishikio vya kabati, na ukiingia unaona kwamba hapa pamepangwa na mtu anayependa watu wake.

Saa nane umeme ukakatika. Kiyoyozi kikanyamaza, na ule ubaridi ukaondoka kama mgeni asiyeaga. Jua lilikuwa limeanza kuelekea magharibi, na sebule ile inatazama magharibi. Tukafungua madirisha, yakafunguka nusu, maana dirisha la kusukuma hata likifunguliwa lote, nusu yake hubaki imeifunika nusu nyingine. Na hiyo nusu iliyobaki wazi ina nondo, na nyuma ya nondo upo wavu wa mbu. Upepo uliokuwa unatikisa miembe nje ulifika mle ndani umechoka.

Tukamtafuta Mama, tukamkuta upande wa mashariki, kwenye ujia kati ya ukuta wa nyumba na tanki la maji. Amekalia ndoo iliyofudikizwa, viatu amevua, miguu ameinyoosha.

"Niacheni hapa wanangu," alisema. "Hapa panapita upepo."

*

Tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria neno moja: kupokea. Kwa Kiswahili tunapokea mgeni, tunapokea simu, tunapokea mshahara. Na tunapokea mzigo. Mtoto aliyelelewa akimwona mtu mzima anakuja na mzigo haulizwi, hukimbia. Ataupokea kwanza, na salamu atazitoa huku anatembea naye. Huyo anayepokelewa, hata kama mzigo wenyewe ni mfuko wa vitunguu, huinuka mabega yake hapo hapo.

Nimeanza kuamini kwamba nyumba nayo ina kazi hiyo, na kwamba ndiyo kazi yake ya kwanza. Inapokea jua, inapokea mvua, inapokea upepo, inapokea watu. Kila kimoja kati ya hivyo huja na uzito wake mlangoni, na nyumba ndiyo inayoamua uzito huo uwekwe wapi. Tunaposema nyumba ni ya kisasa, au ina mtindo, mara nyingi tunakuwa tumetazama sura yake. Mimi sasa nauliza swali jingine: inapokeaje?

Wazee walishalisema hili kwa njia yao: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Tumeizoea methali hii kama onyo juu ya tabia za watu. Naomba tuisome pia kama maelekezo ya ujenzi.

*

Nyumba ya bibi mzaa mama ilikuwa Ngamiani, pale Tanga, kwenye zile nyumba za Kiswahili zilizojipanga kando ya barabara za namba. Ramani yake hata mtoto angeichora kwa kidole mchangani: baraza mbele, mlango katikati, ukumbi ulionyooka kutoka mbele hadi nyuma, vyumba vitatu huku na vitatu huku, kisha uani penye jiko na choo. Ramani hiyo hiyo utaikuta Magomeni na Ilala, na katika mitaa mingi ya pwani. Hakuna msanifu anayeidai kuwa yake.

Ukumbi ule ulikuwa mrefu na mwembamba, na sisi watoto tuliudhani ni njia tu ya kupita. Leo najua ulikuwa bomba la upepo. Mlango wa mbele ukiwa wazi na wa uani ukiwa wazi, hewa iliingia kutoka barabarani, ikapita milangoni mwa vyumba vyote sita, ikatokea nyuma. Saa za mchana bibi alitandika mkeka pale pale katikati ya ukumbi, na akalala usingizi ambao sijawahi kuupata chini ya kiyoyozi.

Na baraza. Ilikuwa ya udongo uliopigwa saruji juu, urefu wake ukifika magotini, imekaa chini ya upenu ulioshuka kiasi cha kumlazimu mtu mrefu ainame. Upenu ule ulifanya kazi mbili kwa mara moja: ulizuia jua lisiguse ukuta, na ulitupa maji ya mvua mbali na msingi. Muuza samaki alitua tenga lake pale. Mzee aliyekuwa akitoka msikitini alipumzika pale bila kuomba ruhusa, na mwenye nyumba hakujihisi amevamiwa. Mtu alikuwa ameshapokelewa kabla hajaingia.

Hilo ndilo lililokosekana kule Madale. Kati ya barabara na sebule kuna geti, na geti lina majibu mawili tu, ndani au nje. Baraza ilikuwa na jibu la tatu.

*

Nyumba ya mawe ya Lamu ilikuwa na majibu mengi zaidi. Nilipoingia mara ya kwanza katika mojawapo ya nyumba za kale pale mjini, iliyohifadhiwa kuwa makumbusho, nilitembea polepole kwa sababu nyumba yenyewe ilinipunguza mwendo. Kwanza daka, kibaraza chenye kivuli penye mlango, ambapo wanaume walikaa wakaongea. Kisha tekani, mahali pa kugeukia, ili macho ya barabarani yasifike ndani. Kisha kiwanda, ua mdogo ulio wazi juu, unaoshusha mwanga na kupandisha hewa ya moto. Kisha misana, kumbi mbili ndefu zilizofuatana, kila moja ikiwa ya faragha kuliko iliyotangulia. Mwisho ndani. Mwanga unapungua hatua kwa hatua, na joto linapungua pamoja nao. Kila mgeni alijua afike wapi, kwa kadiri ya ujamaa wake.

Vyumba ni vyembamba, kama mita mbili na nusu hadi tatu, na sababu yake iko juu ya kichwa chako: boriti za mikoko. Dari la mawe na chokaa ni zito, na boriti haiwezi kulibeba kwa upana zaidi ya hapo. Basi chumba kilirefushwa badala ya kupanuliwa. Kilichoanza kuwa uhaba wa mti kikawa umbo, na umbo likawa uzuri ambao watu wanasafiri kutoka mbali kuja kuutazama. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001.

Kule ndani ndiko viliko zidaka. Ni vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu, ukuta mzima, kila kimoja na tao lake dogo lililochongwa. Nilisimama mbele ya kimoja nikakiangalia kwa muda mrefu. Upana wake ulinitosha viganja viwili. Ukingo wake ulikuwa umeisha kidogo upande wa kulia, umelainika, kama ngazi ya mbao inavyolika pale mguu unapozoea. Mtu fulani, au watu wa vizazi kadhaa, walikuwa wakishika pale kila walipochukua kitu. Nikapitisha kidole. Chokaa ile ni baridi, laini kama ganda la yai. Katika zidaka ziliwekwa bakuli za kaure zilizovuka bahari kutoka China, vitabu, vyombo vya thamani. Ukuta na kabati vilikuwa kitu kimoja. Hakuna aliyekwenda dukani kutafuta pambo la kuuziba utupu wa ukuta.

Wanaodhani kwamba maisha ya starehe na mitindo yalifika pwani hii ndani ya makontena wangesimama pia Kilwa, kwenye magofu ya Husuni Kubwa. Jumba lile la karne ya 14 lilikuwa na kidimbwi cha kuogea chenye pande nane, juu ya mwamba unaotazama bahari. Aliyekijenga alijua anachokitaka.

Lakini heshima kwa nyumba hizo isitufumbe macho. Katika nyumba nyingi za Lamu ghorofa ya chini ilikuwa ghala na makao ya watumwa, na mwanga mzuri na upepo mzuri vilikuwa juu, kwa wenye nyumba. Zile hatua kutoka daka hadi ndani ziliwapanga watu kwa daraja na kwa jinsia, na kuna waliozaliwa na kufa bila kukaa kwenye daka hata siku moja. Nyumba inaweza kuwa stadi wa kupokea, na bado ikachagua nani apokelewe. Kwa hiyo sitaki kuirudisha nyumba ile kama ilivyokuwa. Nataka ujuzi wake, uwafikie wote.

*

Wala nisieleweke kwamba nauchukia usasa. Zege inaweza kupokea. Anayetilia shaka aende Kariakoo.

Soko la Kariakoo lilifunguliwa mwaka 1975, na aliyelisanifu ni Beda Amuli, mmoja wa Waafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kusajiliwa kuwa wasanifu majengo. Alisomea Israel, akarudi na elimu ya zege, lakini swali alilolijibu lilikuwa la hapa: watu wa Dar es Salaam wanauziana vipi? Wanauziana chini ya mti, au chini ya mwavuli. Basi akasimamisha miavuli ya zege, mikubwa, iliyofunguka kuelekea juu kama maua, na kati yao hewa ya moto ikapata pa kutokea. Mvua ikinyesha, kila mwavuli huipokea katika bakuli lake na kuiteremsha hadi matangi yaliyo chini. Pembeni hakuna kuta za kuuzuia upepo. Chini ya ardhi kuna ghorofa ya biashara ya jumla, ambayo wenyewe huiita shimoni, ambako magari yaliingia na mizigo yao. Jengo lile limepokea jua, mvua, upepo, malori, na mama mwenye fungu la mchicha, vyote bila kiyoyozi.

Moto wa usiku wa Julai 10, 2021 uliliunguza vibaya. Asubuhi yake nilikuwa miongoni mwa watu waliosimama kwa mbali kutazama moshi. Wengi walilia mali zao, na ilikuwa haki yao. Mimi nililia pia paa.

Amuli hakuwa peke yake. Tembea katikati ya jiji ukaangalie majengo ya miaka ya 1950 na 1960, enzi ambayo wasanifu kama Anthony Almeida walikuwa kazini. Utaona mapezi ya zege yaliyosimamishwa mbele ya madirisha ili jua lisiingie moja kwa moja, na ngazi zilizozibwa kwa matofali ya matundu, ili anayepanda apulizwe. Utaona korido zilizo wazi upande mmoja. Hayo ni majengo ya kisasa hasa, bila ua wala nakshi, na bado yalijua yamesimama nchi gani. Mengi sasa yamezibwa: matundu yamepigwa lipu, korido zimewekwa vioo, na kila dirisha limetundikwa kiyoyozi kinachodondosha maji kwa wapita njia.

Na ujuzi haujaisha duniani. Francis Kéré, msanifu mzaliwa wa kijiji cha Gando huko Burkina Faso, alimaliza mwaka 2001 kujenga shule ya msingi ya kijijini kwao. Kuta ni za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Paa la bati amelinyanyua, likaelea juu ya dari lenye matundu, hivyo hewa ya moto inayopanda kutoka darasani hupeperushwa kabla haijamrudia mtoto. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, kubwa kuliko zote katika fani hiyo, akiwa Mwafrika wa kwanza kuipata. Bati ni lile lile tunalopaulia sisi. Tofauti ni ile nafasi ya hewa aliyoiacha katikati.

*

Mambo haya yana hesabu, na hesabu yake si ngumu. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Mwezi wa sita jua la adhuhuri huinama kaskazini kwa nyuzi kama 30 kutoka utosini, na mwezi wa kumi na mbili huinama kusini kwa nyuzi kama 17. Ukuta unaotazama kaskazini au kusini unaweza basi kulindwa na upenu wa kawaida, maana jua liko juu mwaka mzima. Lakini jua la asubuhi na la alasiri huja limelala, na hakuna upenu unaoweza kulizuia. Linapita chini yake, linapiga kioo, linaingia, linakaa. Kioo hupitisha mwanga ukiingia, na hulizuia joto likitaka kutoka.

Kwa hiyo nyumba ya pwani inataka ubavu wake mrefu utazame kaskazini na kusini, na upande wake mfupi ndio uwekwe mashariki na magharibi. Ikikaa hivyo, huukuta pia upepo: kaskazi kuanzia mwisho wa mwaka hadi mwezi wa tatu, kusi kuanzia masika na kuendelea. Hili halina gharama. Kuigeuza nyumba kwenye karatasi ni bure. Kuigeuza ikishasimama haiwezekani.

Lakini viwanja vyetu hupimwa kwa kufuata barabara, na sisi tunataka sura ya nyumba itazame barabara. Hivyo jua linapangiwa mahali pa kuingilia na mtu ambaye hakulifikiria. Ramani nyingi huchukuliwa zikiwa tayari zimechorwa kwa ajili ya nchi ambako watu hulitafuta jua kwa hamu, wakapanua vioo ili walinase. Huko kioo kikubwa ni ukarimu. Kikihamishwa kama kilivyo hadi Madale, kinakuwa adhabu, na hakuna mwenye kosa ila haraka yetu.

*

Kilicho ndani ya nyumba hufuata mkondo huo huo. Rafiki zangu wengi wana majiko mawili. Liko la ndani, lenye makabati ya kung'aa na meza ya jiwe, na liko la nje, kibanda cha bati kando ya ukuta, penye jiko la mkaa, kinu na mbuzi ya kukunia nazi. Chakula hutoka kibandani. Samaki wa kukaanga hana nafasi katika jiko lililoungana na sebule, harufu yake italala kwenye makochi wiki nzima. Nani amekaa kibandani? Mara nyingi ni dada wa kazi, au shangazi aliyekuja kusaidia, amekaa moshini, mbali na mazungumzo, kwa sababu fedha yote ya jiko ilikwenda kwenye lile la kutazamwa. Ningekuwa na neno moja la kuwaambia wabunifu wetu wa ndani, ningewaomba wakalitengeneze jiko la pili kwanza. Walipatie paa la juu, ukuta wa matofali ya matundu, meza ya kimo cha mtu anayesimama, na kiti kwa anayekaa. Hapo ndipo mtindo ungeanza kuwa wa kwetu.

Makochi nayo. Nimekaa kwenye makochi ya velveti saa sita mchana, katika mji ambao shati la pamba hukung'ang'ania mgongoni. Nikakumbuka kiti cha enzi cha pwani: mbao nyeusi zenye njumu za mfupa au pembe, na mgongo na kalio lake vikasukwa kwa kamba, ili hewa ipite pale mwili unapogusa. Kilikuwa kiti cha heshima, na heshima hiyo mara nyingi alipewa mgeni. Nikakumbuka mkeka wa ukindu, jinsi ukili unavyosukwa wiki kadhaa kabla haujashonwa, na jinsi mguu mtupu unavyoutambua gizani. Vitu hivi tumeviachia hoteli za watalii. Vinapendeza huko, lakini kwetu vilikuwa na kazi.

Hata chokaa ina funzo. Mji Mkongwe wa Zanzibar umejaa kuta za mawe na chokaa, na kuta hizo huvuta unyevu na kuutoa, mwaka hadi mwaka. Mtu akitaka kuifanya nyumba hiyo iwe ya kisasa, huipiga lipu ya saruji. Inapendeza mwaka wa kwanza. Kisha unyevu uliofungiwa ndani hutafuta njia, lipu inatuna, inabanduka, na inabeba na kipande cha ukuta. Aliyefanya hivyo hakuwa na nia mbaya. Aliupenda ukuta wake, ila hakuuliza unaishije.

*

Mwaka jana nami nilianza kujenga, Kigamboni, kiwanja cha kawaida. Mchora ramani alinipa nyumba iliyotazama barabara, sebule magharibi. Nikamwomba aizungushe. Akaniambia sura itakuwa pembeni, nikamwambia iwe pembeni. Kisha nikaomba kibaraza cha mita mbili mbele yote, na hapo hesabu ikagoma. Bati, mbao na zege ya kibaraza vilikuwa bei ya chumba kizima. Nililala na karatasi ile siku tatu. Mwishowe nikafuta masta moja.

Fundi wangu hakuridhika. "Dada, kibaraza utakitumia nini na wewe ni mtu wa ofisini?" Ni mtu mwema, alinionea huruma. "Ukitaka kuuza kesho, watu watahesabu vyumba."

Nilimwambia siuzi. Kisha nikamweleza habari ya kikapu cha maembe. Alinisikiliza, akauchomeka mwiko kwenye udongo, akakaa kimya kidogo. Akaniuliza nataka ukingo wa kibaraza uwe na kozi ngapi za matofali. Nikasema sijui. Akasema, "Mama mzigo anaubeba kichwani au mkononi?"

Sikuwa nimelifikiria swali hilo, wala mchora ramani hakulifikiria, wala picha zote nilizowahi kuzitazama za nyumba nzuri za dunia hazikuniuliza. Tulipima pale pale, kwa futi yake na mwili wangu. Sehemu kubwa ya ukingo iwe kimo cha kukalia. Pale penye nguzo ya ngazi, upande wa kulia anapoingilia mtu, ipande mpaka kifuani, na juu yake pawe bapa, upana wa kutosha kikapu.

Nyumba bado. Imefika kwenye lenta, na kupaua kutangoja. Juu ya kibaraza kuna boriti chache tu na turubai la fundi. Mama alikuja kuiona mwezi wa nane, kusi inavuma. Safari hii alikuwa na ndizi mbivu na chupa ya asali, amevitia kwenye kikapu kile kile. Mimi nilikuwa nyuma naongea na fundi, sikumwona akiingia, kwa kuwa geti halijawekwa. Nilipotokea mbele, kikapu kilikuwa juu ya ile nguzo fupi, kimekaa sawasawa. Mama alikuwa ameketi ukingoni, amevua viatu, mtandio anauachia upepo.

"Shikamoo mama, mbona hukuniita nikupokee?"

"Marahaba," alisema. Akageuza shingo akakitazama kikapu. "Nimeshapokelewa."

Kisha akasogea kidogo, akanipa nafasi nikae.